Baba Blessing na Nakala Zilizokwenda Harusini

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Sostenes Masalu, Mkuu wa Kitengo cha Habari na Tovuti, atakabidhi kiti chake baada ya kulitumikia Shirika la Tuonane kwa miaka thelathini na miwili. Kiti chenyewe amekwisha kukikabidhi mara mbili kwa majaribio, na mara zote mbili alikirudia baada ya chakula cha mchana, akisema aliyekikalia hajui kukiegemea. Safari hii Mkurugenzi ameagiza kiti kifungiwe stoo mpaka Mzee azoee.

Kamati ya sherehe iliniomba wasifu wa ukurasa mmoja wenye heshima na uchangamfu. Heshima nimeiweka kila ilipopatikana nafasi. Ukurasa mmoja nimeushindwa, kwa sababu mtu mwenyewe mnamfahamu.

Kwa wageni wasiotujua, Tuonane ni shirika dogo la hapa Geita mjini linalotafuta watu waliopotelea kwenye dhahabu. Huku kwetu ni jambo la kawaida. Rashi, yaani mbio za dhahabu mpya, ikilipuka Bukombe, kijana anaacha jembe shambani, anaaga kwamba atarudi kabla ya mavuno, na mavuno yanapita mara saba. Machimboni hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na babu yake. Anaitwa kwa kovu, kwa kofia au kwa mahali alikotoka, na ndugu wanaomtafuta kwa jina lake halisi huambiwa kwamba mtu huyo hajawahi kufika.

Mzee Sostenes aliajiriwa mwaka 1993 kubandika picha za watu hao. Alikuwa na baiskeli, ndoo ya gundi ya unga wa muhogo, na sauti iliyoweza kushindana na karasha la kusagia mawe. Alikuwa akisimama kwenye mdomo wa duara, yaani shimo la dhahabu, na kuyataja majina kuelekea chini, na mara kadhaa majina yaliitika. Hapa sitanii. Wapo watu wenye wajukuu leo waliorudi makwao kwa sababu ya koo la Mzee huyu. Hakuwahi kumfukuza mtu aliyekuja na shida, na neno hapana lilikuwa halimtoki kinywani. Moyo huo ndio uliompandisha cheo, na moyo huo huo ndio uliotuponza.

Mwaka 2011 shirika lilipata tovuti, na ubao wa stendi ukahamia mtandaoni: picha, majina, na namba za simu za ndugu wanaotafuta. Mzee akafanywa mkuu wake kwa kuwa shemeji yake alikuwa na duka la kuchapa barua Shinyanga, na ilidhaniwa kwamba ujuzi huambukizwa kwa ndoa. Akapelekwa mafunzo mafupi, akarudi na cheti ambacho mpaka leo kimening'inia ukutani juu ya birika la chai. Katika yote aliyofundishwa alishika mambo mawili. La kwanza, tovuti lazima iwe na neno la siri. La pili, kila mwisho wa mwezi lazima itolewe nakala yake. Aliyatekeleza yote mawili kwa uaminifu, kila moja kwa namna yake.

Neno la siri alilolichagua lilikuwa jina la mwanawe wa kwanza. Sasa huyu ni mtu ambaye mkoa mzima unamwita Baba Blessing. Muuza maandazi akimwona asubuhi humwita kwa neno la siri. Mlinzi akimfungulia geti humpa shikamoo na neno la siri. Kuna siku mheshimiwa mmoja alimtambulisha kwa kipaza sauti kwenye uwanja uliojaa, na umati ukalipigia makofi neno letu la siri. Rhoda, binti wa kompyuta aliyejiunga nasi mwaka 2019, alimweleza jambo hilo kwa adabu zote. Mzee alisikiliza, akakubali kosa, akalibadilisha siku ile ile. Akaweka jina la mwanawe wa pili.

Na bado kulikuwa na wageni. Kila mtu wa maana aliyepita ofisini, Mzee alimwandikisha kuwa msimamizi wa tovuti ili ajisikie nyumbani, jinsi wengine wanavyomletea mgeni soda. Mchungaji aliandikishwa. Kiongozi wa kikundi cha ngoma aliandikishwa. Mkwe wake, ambaye kazi yake ni kuuza magodoro, aliandikishwa na kwa muda mrefu ukurasa wetu wa mbele ulikuwa na godoro. Rhoda alipouliza watu hao wanasimamia nini hasa, Mzee alimjibu kwamba mtu mzima akikuomba kitu mbele za watu humwambii hapana. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa ulinzi.

Nije kwenye nakala, kwa sababu hapo ndipo Mzee alipoacha alama yake. Alinunua flashi kwa katoni. Kila mwisho wa mwezi Rhoda alinakili tovuti nzima, na picha zote, kwenye flashi mpya, akamkabidhi Mzee, naye akaifungia kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Rhoda aliomba nakala nyingine ikae nje ya ofisi, hata kanisani, hata kwa Mkurugenzi, ili moto ukitokea tusipoteze vyote. Mzee alikataa katakata. Mali ya ofisi haitoki nje ya ofisi, alisema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia akisema hapana.

Anayesema hivyo ni mfugaji. Waliokula naye mchana wanajua hotuba yake ya ng'ombe, kwa sababu huitoa kila kukiwa na maharage. Ng'ombe wake hawalali zizi moja. Wengine wako kwa shemeji mwingine Kharumwa, wengine kwa rafiki yake wa ujanani Ushirombo, wachache nyumbani kwa ajili ya maziwa. Ugonjwa ulipoingia nyumbani kwake mwaka mmoja, majirani waliobanana na mifugo yao yote kwenye zizi moja walibaki na kamba tu, yeye akapoteza wale wachache na maisha yakaendelea. Anayeweka ng'ombe wote mahali pamoja, hutuambia huku akigonga kijiko kwenye sahani, huyo hajalelewa na wafugaji. Rhoda alikuwa akimtazama tu na kuendelea kula.

Basi Jumatatu moja ya Februari mwaka huu tulifungua ofisi na kukuta tovuti imetekwa. Watu wote walikuwa wametoweka, waliopotea na waliokuwa wakiwatafuta. Badala yao kulikuwa na gurudumu la kamari linalozunguka, sarafu zikimiminika, na msichana aliyekonyeza jicho bila kuchoka. Mzee alikuwa wa kwanza kuona. Akamwita Rhoda, akampongeza mbele yetu wote kwa ubunifu, akasema hatimaye tovuti imechangamka. Alipoelezwa kilichotokea, aliagiza kompyuta izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa, na msichana akatukonyeza tena.

Rhoda akapiga simu kwa kampuni inayotupangishia nafasi mtandaoni. Wakamjibu kwa upole kwamba huduma ya kutunza nakala walikuwa nayo, ila sisi tuliikataa tangu mwanzo, kwa maelezo kwamba shirika lina kabati la chuma. Hakuna aliyeuliza maelezo hayo aliyatoa nani. Tulikwenda wote kwenye kabati. Mzee akavua ufunguo shingoni taratibu sana, akafungua, na ndani mlikuwa na katoni tupu, kandili la zamani na soksi moja.

Ilichukua muda kuupata ukweli, na ukweli ni huu. Mzee Sostenes ni mtu anayealikwa. Kila mwisho wa juma ana harusi, na haendi harusini mikono mitupu. Kwa hiyo alikuwa akifungua kabati, anachukua flashi, anaipeleka dukani stendi ijazwe nyimbo za harusi kwenye nafasi iliyobaki, kisha inafungwa utepe mwekundu. Maharusi wakiichomeka kwenye sabufa, sabufa inacheza nyimbo na kuyapita mengine yote, maana sabufa haisomi picha za waliopotea. Kwa miaka na miaka tovuti ya Tuonane ilikuwa ikichezewa ngoma mkoa mzima bila mtu kujua. Mali ya ofisi ilikuwa haitoki nje ya ofisi mpaka iwe na utepe.

Tungeweza kucheka siku hiyo, na baadhi yetu tulianza. Kisha Mama Ngusa akaingia.

Mariana, mama yake Ngusa, anatoka kijiji kimoja upande wa Kharumwa. Kila akija mjini kuuza karanga hupita ofisini, hukaa kwenye benchi la dirishani na kuomba afunguliwe ukurasa wa mwanawe. Ngusa aliondoka kwenda kwenye rashi mwaka 2017. Kwenye picha amevaa shati la bluu, ameshika mshumaa, siku ya kipaimara. Picha yenyewe ya karatasi mvua iliivujia ndani ya sanduku ikabaki madoa, kwa hiyo sura ya kijana huyo ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, kwetu. Mama huyu naye husalimiwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza siku nzima, kuanzia kisimani mpaka sokoni. Sijui anavumiliaje, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Mzee alimpokea vizuri, akamwambia mtandao unasumbua, arudi wiki ijayo. Lakini kioo cha kompyuta kilikuwa kimeelekea kwenye benchi. Mama Ngusa alilitazama lile gurudumu likizunguka, akamtazama msichana wa kukonyeza, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mwanangu mmempeleka wapi?" Alifunga vizuri fundo la khanga yake, akaaga, akatoka. Tangu niajiriwe sijawahi kuona aibu kama ile, na niliona wazi kwamba hata Mzee alitamani ardhi ipasuke.

Msako ulianza kesho yake, mimi na Rhoda. Kwa haki yake, Mzee alitusaidia. Hakukumbuka tarehe wala majina ya maharusi, lakini alikumbuka kila harusi ililisha nini. Tulisafiri kwa kufuata pilau. Ushirombo, palipokuwa na kuku wa kukaanga, katekista mmoja aliyepewa flashi siku ya ndoa ya binti yake alikuwa ameifuta zamani na kuijaza nyimbo za kwaya, na hakuturuhusu kuondoka kabla hatujasikiliza mbili. Kharumwa, palipokuwa na ndizi kwa nyama lakini chumvi ilizidi, flashi ilikuwa imefungwa kwenye ufunguo wa pikipiki na imeoga mvua za misimu miwili. Haikufunguka. Mzee alikuwa akitupigia simu kila saa kutuuliza kama tumefika na kama wenyeji wametukaribisha chakula.

Tumaini lililobaki lilikuwa Nkome, kando ya ziwa. Huko, mwishoni mwa Januari, alioa mfanyabiashara wa dagaa aitwaye Akida, na ndiko ilikokwenda nakala ya mwisho kabisa. Tulifika asubuhi. Sabufa ya Akida ilikuwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, ikilia kwa nguvu, na flashi yetu ikiwa imechomekwa humo humo tangu siku ya harusi, utepe wake ungali unaning'inia. Akida hakutaka kuitoa. Alisema zawadi ya Baba Blessing ndiyo pekee isiyovunjika wala kuisha. Rhoda akamwapia kwamba nyimbo zake zitarudi zote, hata ile mbaya, ndipo akakubali.

Rhoda aliweka kompyuta juu ya kichanja na kufungua. Vilikuwemo vyote: kurasa, picha, namba za simu, kila mtu mahali pake. Muziki ulipokuwa umenyamaza, watu wa mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi, walisogea kuona ni nani aliyezima sherehe, na Rhoda, ili kuwatuliza, akawa anawapitishia picha moja baada ya nyingine. Alipofika kwa kijana wa mshumaa, mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa akainama na kusema, "Huyu si Kharumwa huyu?" Mwenzake akasema ni yeye, ila siku hizi ana ndevu. Wakamwita kwa kupaza sauti jina hilo la kijiji, na kutoka kwenye mitumbwi akaja mwanamume mwenye sindano ya kushonea nyavu mkononi, akiuliza ni nani amezima muziki.

Rhoda akamgeuzia kioo. Akaisogelea picha ile. Hatimaye akauliza kama mama bado anayo picha hii, na Rhoda akamwambia hana, iliharibika, imebaki hii tu. Ngusa akakaa chini mchangani. Duara lake lilikuwa limemtupa bila dhahabu miaka mingi nyuma, alituambia, na aliona haya kurudi mikono mitupu, kisha simu ikapotea na namba zote, kisha ikawa ni muda mrefu mno hata kueleza. Kumbe tangu ile harusi sura yake ilikuwa ndani ya sabufa ile, hatua chache kutoka alipokaa kushona nyavu. Miaka yote aliyokaa kwenye tovuti yetu hakuna aliyemwona, maana mwaloni hakuna anayefungua tovuti.

Namba ya mama yake tuliisoma kwenye ukurasa ule ule na kupiga. Mama Ngusa hakulia wala hakuuliza alikuwa wapi. Alimsalimia tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Ngusa," kama anavyosalimiwa mtoto anapotoka chumbani asubuhi. Naye akaitikia, "Mwangaluka, mayu." Nililia, na Rhoda alilia. Akida alitupa muda wa kutosha, kisha akaomba nyimbo zake.

Tovuti ilirudi. Rhoda aliziba matundu yote, akawaondoa wasimamizi wa heshima, mchungaji na magodoro pamoja, akaanzisha utaratibu mpya: nakala moja ofisini, moja mtandaoni kwa mtoa huduma mwingine, moja mbali kabisa, na kila baada ya muda moja inafunguliwa kuthibitisha kwamba inafunguka. Mzee aliusoma utaratibu huo akasema kwa mshangao wa kweli kwamba ni kama ng'ombe. Rhoda aliitikia ndiyo, Mzee, ni kama ng'ombe.

Mtadhani somo lilimwingia. Kwenye taarifa yake ya makabidhiano, tukio lote hilo linaitwa Mpango wa Kutawanya Nakala Vijijini, na limeorodheshwa kwenye mafanikio. Na Mama Ngusa alipokuja kutushukuru, mwanawe akiwa nyuma yake amenyoa ndevu, alileta jogoo mwekundu. Alituzunguka sote kwa macho, akamkabidhi mkubwa wetu kwa mikono miwili, akasema wabeja, asante. Mzee alimpokea jogoo yule bila kupepesa. Mimi na Rhoda, tulioimbiwa na kwaya na kunuka dagaa, tulipata kuyaona manyoya.

Sitasema kwamba aliyastahili hayo, na sitasema hakustahili. Bila ya uzembe wake Ngusa angekuwa bado anashona nyavu na mama yake bado anakaa kwenye benchi. Lakini wamo watu wengi kwenye kurasa zile, na kila mmoja ana mama yake. Tungewapoteza wote kwa sababu ya mtu mwema asiyeweza kumkatalia mtu kitu, na kwa sababu yetu sisi tuliokaa karibu naye tukila maharage, tusioweza kumkatalia yeye.

Namalizia na jambo la juzi. Mzee alikuja kwenye meza ya Rhoda, ofisi nzima ikisikia, akamwomba neno jipya la siri. Alitaka kuweka mwenyewe picha za kuagwa kwake, na pia mkwe wake ameuliza. Rhoda alisimama. Akapiga goti kidogo, kama alivyolelewa, akatoa shikamoo, akapokea marahaba. Kisha akamwambia, "Hapana, Baba Blessing." Mzee akauliza kama hata yeye. Rhoda akamjibu kwamba hata yeye. Mzee alisimama pale, akatazama kioo cha kompyuta, ambapo chini ya picha ya kijana wa mshumaa sasa pameandikwa Ameonekana. Halafu akaitikia kwa kichwa mara moja, akavua ule ufunguo wa kabati shingoni, akauweka mezani na kurudi kwenye kiti chake.

Ahsante, Mzee Sostenes, kwa koo lako, kwa baiskeli yako na kwa watu uliowatoa chini ya ardhi kwa kuwaita tu. Nenda kapumzike na Mama Blessing. Ng'ombe wako waendelee kukaa mbalimbali, na afya yako ikae nyumbani. Ukialikwa harusini, nunua sufuria. Mlango wetu uko wazi kwako kila siku, chai ipo, na benchi la dirishani siku hizi lina nafasi; kwenye tovuti tu ndiko utaingia kama sisi wengine, kwa kubisha hodi kwa Rhoda.

Mwahija, Masijala, kwa niaba ya watumishi wanaobaki